Dhima ya Fundi na Hesabu Asiyoiona

Pemba mtu hatafuti kibla kwa taabu. Chake Chake na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39.8 mashariki, tofauti iliyopo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Anayeelekea kaskazini ameelekea Alkaaba. Ndiyo maana katika Kiswahili cha zamani cha pwani kibla lilikuwa pia jina la kaskazini, na misikiti ya kale, hadi ule uliobaki gofu kule Ras Mkumbuu, iligeuziwa upande huo. Lakini anayeitafuta kaskazini hiyo kwa dira ana mashaka ya aina yake. Dira ni sindano ya sumaku iliyowekwa juu ya ncha. Iweke karibu na nguzo ya zege yenye nondo, au chini ya spika ya msikitini ambayo ndani yake mna sumaku kubwa. Sindano itageuka, itatulia, na itaonyesha upande usio sahihi kwa utulivu uleule inaoonyesha ulio sahihi. Hata ukiitoa uwanjani, mbali na chuma chochote, itaelekea kaskazini ya sumaku, na pengo baina ya kaskazini hiyo na ya dunia hubadilika mwaka hadi mwaka. Dira haisemi uongo. Inajibu swali lake yenyewe, na anayeswali ndiye anayepaswa kujua kama swali hilo ndilo analouliza yeye.

Sumaku hiyohiyo ndiyo moyo wa mota na jenereta, na mashaka yake yamehamia mahali papya. Zamani aliyetaka kubuni mota alianza na kalamu, majedwali na uzoefu. Leo anaanza na programu ya kompyuta: anachora stata na rota, anaandika idadi ya mizunguko ya waya, anabonyeza, na kioo kinamletea nguvu ya kuzungusha, joto na upotevu wa umeme kwa tarakimu nne baada ya nukta. Kijana aliyesoma Skuli ya Ufundi ya Kengeja, au aliyepita vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe, akitaka kuingia katika kazi hii atakutana mapema na swali: nichague programu ipi? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kama la sokoni: ipi nyepesi, ipi ya haraka, ipi ina picha nzuri. Mimi nasema ni swali la dini na la falsafa kabla ya kuwa la soko. Linauliza ni lini mtu ana haki ya kutegemea hukumu ambayo dalili yake hakuiona. Mafakihi wetu waliliita suala la taqlidi, na waliliandikia kwa makini. Jibu ninalolitetea ni hili: programu ya kuchaguliwa kwanza ni ile inayomwachia fundi njia ya kurudi, kutoka kwenye tarakimu aliyopewa hadi kwenye ushahidi ulioizaa, kwa sababu dhima ya tarakimu hiyo itabaki shingoni mwake yeye, wala haihamishiki kwenda kwa chombo.

Tuitazame kazi ya programu hizi kwa karibu, maana hoja yote imekaa hapo. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika mbele ya koili huzaa umeme. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell akaiweka elimu hiyo katika milinganyo. Milinganyo yenyewe ni mifupi, lakini umbo la mota ni gumu: lina meno, mifereji, waya, mabati membamba yaliyopangwa, na pengo la hewa ambalo katika mota ndogo mara nyingi halifiki milimita moja. Kalamu haiwezi kuimaliza milinganyo hiyo juu ya umbo kama hilo. Kwa hiyo programu huukata mchoro kuwa pembetatu ndogondogo, maelfu kwa maelfu, hukadiria uga wa sumaku ndani ya kila moja, kisha hulazimisha pembetatu jirani zikubaliane. Pembetatu zikiwa kubwa mno kwenye pengo la hewa, nguvu ya kuzungusha itatoka na kosa ilhali picha imebaki nzuri. Na kabla ya hapo programu imeshaamini mengine mengi iliyoambiwa: jinsi chuma kinavyopokea sumaku hadi kishibe, nguvu ya sumaku za kudumu, aina ya waya, joto la koili. Kila kimoja ni ushahidi wa shahidi fulani, na tarakimu ya mwisho ni hukumu iliyosimama juu ya mashahidi wote hao. Wanafunzi wa Hadithi wanalijua jambo hili kwa jina la sanadi: habari haipimwi kwa uzuri wa maneno yake peke yake, hupimwa pia kwa mnyororo wa watu walioipokezana.

Katika suala la kibla, mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi kisiwani, walipanga ngazi. Ya juu ni yakini ya mtu mwenyewe, kama ya anayeiona Alkaaba. Inayofuata ni habari ya mtu mwaminifu anayesema kwa ujuzi. Kisha ijtihadi: mtu atazame nyota, jua na alama nyingine. Ya mwisho ni taqlidi, kumfuata aliyejitahidi, nayo imewekewa mipaka. Kipofu anaruhusiwa, na asiye na uwezo wa kuzifahamu dalili anaruhusiwa. Lakini mwenye uwezo wa kujitahidi hana ruhusa ya kumfuata mwenziwe aliyejitahidi kama yeye. Mpangilio huu umo katika vitabu vya fiqhi vilivyozoeleka pwani yetu, ukiwamo Minhaj wa Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kinachonigusa ni kwamba ruhusa haikufungwa kwenye cheo cha anayefuatwa tu, imefungwa pia kwenye uwezo wa anayefuata. Tendo lile lile la kufuata ni halali kwa asiyeweza kuona, na ni kosa kwa anayeweza kuona akafumba macho. Kwa kipimo hicho, kuuliza kama programu fulani ni maarufu ni kuuliza nusu ya swali. Nusu ya pili inamhusu anayeitumia: ana uwezo gani wa kukagua, na chombo alichokichagua kinamwacha autumie uwezo huo au kinamnyang'anya?

Mchukue fundi anayetaka kubuni upya koili za mota ya pampu ya kisima, ya volti 230. Programu imemwambia kwamba mota itaanza na pampu yake bila shida. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, zaidi ya kilomita 70, wa kilovolti 33 na uwezo wa megawati 20 hivi. Kabla ya hapo kisiwa kiliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha. Kutoka kituoni umeme huenda mashambani kwa laini, na mwisho wa laini ndefu volti huweza kushuka pale watu wanapowasha kila kitu jioni. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya induksheni hufuata volti kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, inayobaki ni asilimia 76 tu, na pampu iliyoanza vizuri kwenye kioo huweza kunguruma kisimani bila kuzunguka hadi koili ziungue. Au chukua joto. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takribani asilimia 0.39 kwa kila nyuzi ya joto. Programu ikiachwa na thamani ya nyuzi 20 iliyokuja nayo, na koili ikafanya kazi kwenye nyuzi 100, kwa mkondo uleule umeme unaopotea ndani ya waya unazidi ule wa kioo kwa asilimia 31. Programu haikukosea popote. Ilijibu kwa volti 230 na nyuzi 20, kama dira iliyojibu sumaku ya spika. Anayejua pa kutazama atabadilisha namba mbili na ukweli utajitokeza. Asiyejua ataitupia lawama mota, au atasema ni kudra. Kudra ni nguzo ya imani, lakini kuiamini hakumwondolei mtu wajibu wa kutazama alichoweza kukitazama.

Hapo ndipo inapoingia dhima. Mafakihi walijadili kwa karne nyingi kama fundi aliyepokea mali ya watu hulipa ikiharibika mkononi mwake. Wamaliki walielekea kumdhaminisha. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Tuchukue msimamo huu wa pili, ulio mwepesi zaidi kwa fundi, tuone unatufikisha wapi. Uzembe ni nini? Ni kuacha kukagua kilichokuwa kinakagulika. Aliyepewa programu inayoonyesha mkunjo wa jinsi chuma kinavyopokea sumaku, pembetatu zake na joto lililotumika, akapita moja kwa moja kwenye jibu, amezembea. Na aliyechagua kwa hiari yake chombo kisichokagulika, ilhali kinachokagulika kipo, uzembe wake ulianza mapema zaidi, siku ile ya kuchagua. Hawezi baadaye kumwambia mwenye kisima, "Mzee wangu, kompyuta ndiyo iliyosema." Mwenye kisima hakuajiri kompyuta. Alimpa amana mtu, na amana hiyo ilijumuisha hukumu ya mtu huyo kuhusu nani wa kuaminiwa.

Kinachokagulika kipo. FEMM, kazi ya David Meeker, hutolewa bure, msimbo wake unasomeka, na faili zake ni maandishi ya kawaida yanayofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti, na kompyuta ya kawaida ya Windows inaimudu. Elmer ya kituo cha CSC cha Ufini, na Pyleecan iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ni programu huria kabisa: mtu anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Hayo yanatosha kuanzia, lakini chombo peke yake hakimfanyi mtu kuwa mkaguzi. Tabia ndiyo inayomfanya, na mfano bora wa tabia hiyo ni Abu Rayhan al-Biruni. Kitabu chake Tahdid, alichokimaliza mwaka 1025, kilikuwa na shabaha ya kuupatia mji wa Ghazna kibla chake. Hakutosheka na njia moja. Alikokotoa kwa njia kadhaa, akatumia umbali baina ya miji na latitudo zake, akalinganisha majibu, na akaziandika hatua zake ili ajaye nyuma aweze kumsahihisha. Huyo alikuwa na cheo cha kufuatwa, naye bado aliacha mlango wa kukaguliwa wazi. Fundi anaweza kumuiga kwa kiasi chake: akadirie kwa mkono kwa kanuni nyepesi, akokotoe kwa programu, kisha aiweke mota yenyewe juu ya meza na kuipima kwa ammita na kipimajoto. Majibu matatu yakikaribiana, ana dhana yenye nguvu. Yakigombana, amepata pa kuanzia kutafuta, na tofauti ya asilimia 31 itamkumbusha joto la shaba kabla ya koili kuungua.

Mpinzani wa kwanza ana hoja nzito. Atasema kwamba programu za kibiashara, kama vile Ansys Maxwell, Motor-CAD na JMAG ya Japani iliyoanza mwaka 1983, zimetumiwa na wahandisi wengi kubuni mota za magari na za viwandani, na matokeo yake yamelinganishwa na vipimo halisi mara nyingi kuliko programu ndogo ya bure itakavyowahi kulinganishwa. Kwa nini mtu wa Vitongoji aanze upya kukagua yaliyokaguliwa na Tokyo na Detroit? Jibu langu linatoka palepale kwenye kibla. Mafakihi wa Shafi wanasema kwamba mihrabu iliyoswaliwa muda mrefu katika mji wa Waislamu inategemewa. Haimpasi mtu kuanza ijtihadi ya kuupinga upande wake. Lakini waliacha nafasi moja ndogo: mtu aweza kujitahidi kusogea kidogo kulia au kushoto. Na mihrabu haikupata nguvu hiyo kwa kuwa ni ya kale tu. Iliipata kwa sababu vizazi vya watu wenye uwezo wa kupinga walisimama mbele yake, nyota ziko juu yao kwa kila mmoja kuzitazama, na hawakupinga. Programu iliyofungwa inastahili imani ya aina hiyo pale ilipolinganishwa hadharani na vipimo, kwa aina ileile ya mota unayoibuni. Jumuiya ya watafiti wa fani hii imeweka matatizo ya majaribio yaitwayo TEAM, ambayo kila programu, ya bure au ya kulipia, inaweza kuyatatua mbele ya watu wote. Hizo ndizo nyota za fani hii. Kwa hiyo sikatazi kumfuata mwenye leseni ya gharama. Nasema afuatwe kama mihrabu inavyofuatwa: kwa sababu inayojulikana, na huku ruhusa ya kusogea kulia au kushoto ikibaki mkononi.

Mpinzani wa pili atakuja kutoka upande mwingine. Msimbo wazi unamsaidia nini mtu asiyejua kuusoma? Kitabu kilichofunguliwa mbele ya asiyejua kusoma ni sawa na kilichofungwa. Hoja hii ingekuwa ya mwisho kama elimu ingekuwa mali ya mtu mmoja mmoja tu. Dini yetu ina fungu zima la wajibu lisilokuwa hivyo, fardhi kifaya. Kuosha na kuzika maiti hakumlazimu kila mtu, lakini wote wakiacha, mji mzima una dhambi. Wanazuoni, Imamu Ghazali akiwa mmoja wao, waliziingiza humo fani ambazo maisha ya watu hayasimami bila ya hizo, kama utabibu na hesabu. Kukagua programu ni wajibu wa aina hiyo. Haidaiwi kila fundi wa kusuka mota asome msimbo; inadaiwa awepo mtu, katika skuli, taasisi au karakana za kisiwa, anayeweza kuusoma na anayeweza kuulizwa. Msimbo wazi unamnufaisha asiyejua kusoma kwa njia hiyo hasa: unamwezesha jirani yake anayejua kumtolea ushahidi. Msimbo uliofungwa hata jirani huyo unamfungia nje, na mji mzima unabaki kuwa kipofu kwa sheria ya mtu mwingine.

Ni haki pia kusema programu za wazi zinapoishia, kwani anayezisifu bila kutaja mipaka yake ameanzisha taqlidi nyingine. FEMM hutazama kipande bapa, au umbo linalolingana kuuzunguka mhimili wake. Kwa mota ya kawaida ya pampu inafaa. Lakini chukua jenereta ndogo ya upepo ya kutengenezwa kwa mikono, kwa mtindo uliosambazwa na Hugh Piggott wa Scotland: diski mbili zenye sumaku, na katikati yake koili zilizomiminiwa resini. Uga wake hukimbia sambamba na ekseli, na hakuna kipande bapa kimoja kinachoueleza wote. Mbunifu hulazimika kuikata diski kwenye nusukipenyo cha kati na kuinyoosha, kama mtu anayenyoosha mkeka wa duara, na katika kuinyoosha hupoteza yanayotokea kwenye kingo. Jibu litakaribia, halitafika. Tena kuna mambo ambayo hesabu ya uga, iwe ya programu ya wazi au iliyofungwa, haiyaoni. Sumaku ya neodimiamu ina mabaki ya sumaku ya tesla 1.2 hadi 1.3 hivi, ilhali ya feriti ina kama 0.4, kwa hiyo kwenye kioo neodimiamu itashinda daima. Lakini neodimiamu hushika kutu mipako yake ikichubuka, na aina zake za kawaida huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 80. Feriti haina kutu. Katika kisiwa ambacho upepo wa chumvi unafika kila mahali, hiyo ni dalili, nayo anaiona fundi aliyeona bawaba za mlango zikiliwa. Kukagua ni pamoja na kujua nini hakikuulizwa.

Mpinzani wa tatu atasema mjadala wote ni wa bure, kwa kuwa Pemba haina kiwanda cha mota. Mota zinakuja kwenye makasha zimekamilika, na fundi wetu kazi yake ni kuzifunga. Hii naiona kuwa ndiyo hoja hatari kuliko zote, kwa sababu inamtaka mnunuzi asijue kupima. Watu wa Pemba wanajua thamani ya kupima kuliko wengi. Karafuu ikitoka kwenye majamvi, mkulima huichukua moja na kuikunja: iliyokauka huvunjika kwa mlio mkavu, mbichi hupinda, na mbichi ni nzito zaidi kwenye mizani. Kila aliyeuza karafuu anajua kwamba mizani bila ya kuikunja karafuu ni nusu ya ukweli. Mota nayo ina ubichi wake. Zipo sokoni duniani mota zilizosukwa kwa waya wa alumini uliopakwa shaba, na macho hayatofautishi. Ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya shaba. Anayejua kuichora mota hiyo katika programu, akahesabu ukinzani ambao shaba ya unene ule ingekuwa nao, kisha akapima koili kwa omita, ameikunja karafuu. Sura ya 83 ya Kurani imeitwa kwa jina la wanaopunja vipimo. Kumkataza punjo muuzaji ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kuwepo watu wanaoweza kuitambua punjo. Programu ya kubunia mota, kwa asiyebuni hata moja, ni mizani ya kumpimia anayeuza.

Limebaki jambo ambalo wengi hulipita kimya. Leseni za programu kubwa hugharimu maelfu ya dola, na njia inayoonekana nyepesi ni kutumia nakala iliyovunjwa kufuli. Wapo wanaolitetea kwa kusema kwamba sisi ni maskini na kampuni ni tajiri. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Hata asiyekubali uamuzi huo ana tatizo jingine. Nakala iliyovunjwa imepita mikononi mwa mtu asiyejulikana, aliyebadilisha kitu ndani yake. Katika sanadi yake yumo mpokezi asiye na jina, na wanafunzi wa Hadithi wanajua hukumu ya habari ya namna hiyo. Mwenye kuitumia hawezi kumuuliza mtengenezaji, hawezi kupata marekebisho, na hawezi kuandika hadharani jina la chombo alichotumia. Amechagua njia inayomlazimisha kuficha ushahidi wake. Umaskini ungekuwa udhuru kama hapangekuwa na njia ya halali. Njia ya halali ipo, na ni ya bure.

Wakati nao ni shahidi. Mota iliyotunzwa huweza kufanya kazi miaka ishirini na zaidi, ikasukwa upya na kuendelea. Kampuni za programu hazikai hivyo. SPEED, iliyokuwa ikitumiwa sana kubunia mota, ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Ilihamia CD-adapco, na mwaka 2016 CD-adapco ikanunuliwa na Siemens. Ansys, yenye Maxwell na Motor-CAD, ilinunuliwa na Synopsys mwaka 2025. Hakuna ubaya katika biashara kubadilisha mikono, lakini aliyeweka hesabu zake ndani ya faili inayofunguka kwa leseni moja tu ameuweka ushahidi wake katika nyumba ambayo ufunguo wake si wake. Mota itakapoungua baada ya miaka kumi na mitano, fundi atakayeirithi atahitaji kujua mwenziwe alidhani nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ya fundi ni mali.

Kwa hiyo anayechagua aanze na chombo kinachosomeka, akijue hadi mipaka yake. Akipanda kwenda kwenye kikubwa kilichofungwa, ajue anakifuata kwa sababu gani na kimelinganishwa na vipimo vipi. Kisha awe na daftari. Humo aandike programu aliyotumia na toleo lake, mkunjo wa chuma alioutoa wapi, volti alizodhani na volti alizozipima kisimani, joto la koili kwenye hesabu na joto alilolikuta mota ilipokwisha kufanya kazi saa mbili. Mahali ambapo alimfuata mwingine bila kuona dalili, aandike hivyo pia. Kufuata kunakokiriwa si aibu, na anayekuja atajua pa kuanzia kukagua. Hilo likiwa tayari, kilichobaki ni jambo ambalo programu yoyote, ya bure au ya maelfu ya dola, haiwezi kumfanyia: chini ya tarakimu zote hizo aandike jina lake.